Watu Ambao Sikuwaandika

Editha mwanangu,

Umekwenda kuwaaga wenzako wa kwaya kwa safari yako ya kesho ya masomo, na mama yako amenifukuza jikoni. Amesema nikae mezani niandike barua hii kabla sijapata kisingizio kingine. Jua bado lipo. Habari za sanduku, chandarua na kutokula vya watu njiani sitazigusa, maana mama yako amezisema mpaka mbuzi wamezijua. Mimi nina neno moja tu, ni refu, na nimelikalia miaka kumi na mitatu.

Nianze na Kasulo.

Mwezi uliopita tulishuka gulio la Kasulo kununua chungu cha maharage, kile cha zamani kilipopasuka. Tangu tulipopanda lori la ushirika ulikuwa ukilalamika kiu. Baba, koo limekauka. Baba, huku hakuna hata kisima? Tukafika kwa yule mama aliyetandaza vyungu vyake chini, peke yake, mbali kidogo na wauza dagaa. Wewe unayempa shikamoo hata yule mlevi wa kilabuni, tena kwa kupiga goti, ulisimama mbele ya mama yule ukasema, "Hiki shilingi ngapi?" Akakujibu. Mkapatana. Akakutazama sana, akachota maji mtungini kwa kibuyu, akakupa kwa mikono miwili. Ukasema, "Sina kiu." Fedha ukaziweka chini karibu na mguu wake, ukanyanyua chungu, tukaondoka.

Njiani ukaniambia, "Baba, yule ni Mtwa, eti? Anipe maji kwenye kibuyu chake, jamani." Ukacheka. Nami nikacheka.

Hayo hukufundishwa na mama yako wala mimi, lakini ulifundishwa. Kilabuni watu huingiza mirija yao yote katika chungu kimoja cha pombe ya rubisi, na Mtwa humiminiwa yake kwenye kigae akanywe nje. Umeona hivyo tangu unaanza kutembea. Sikulaumu hata kidogo. Mimi nilikuwa hatua mbili nyuma yako, nimeshika kofia mkononi kama mjinga, na mama yule namfahamu. Anaitwa Butoyi. Unajua majina ya mapacha: anayetangulia ni Bukuru, anayefuata ni Butoyi. Bukuru ndiye aliyekuzaa.

Sasa umejua. Kama unataka, weka karatasi chini utembee kidogo, kisha urudi. Nitakungoja kwenye mstari huu.

Ulipokuwa darasa la tano tulikwambia kwamba hukutoka tumboni mwa mama yako, usije ukayasikia kisimani. Tulikwambia mama mzazi alikuwa mkimbizi kutoka Burundi, ng'ambo ya mto Ruvubu, mkulima, akafa kwa ugonjwa. Mkimbizi ni kweli. Ugonjwa ni kweli. Mkulima niliandika mimi, kwa mkono wangu huu.

Wakati ule nilikuwa karani kijana, nina mwandiko mzuri na majivuno ya mwandiko mzuri. Watu walipoanza kuvuka mto kwa makundi, ofisi ya tarafa iliniazima niende nikawaandike. Waliniwekea meza mlangoni mwa ghala la kahawa. Daftari lilikuwa na safu za jina, umri, kazi, na sababu ya kukimbia. Safu ya kabila haikuwepo, na hilo nililivimbia kichwa. Semina zilitufundisha kwamba nchi hii haimwulizi mtu kabila lake, sote ni ndugu, na mimi niliamini kwa moyo wote. Bado naamini, Editha. Nisikilize tu niliyoyafanya kwa imani hiyo.

Siku ya tatu alifika mwanamke mfupi na watu wachache nyuma yake, hawakuzidi ishirini, wengi wanawake na watoto. Wakimbizi wenzao waliwapisha. Nikadhani ni heshima, kumbe hawakutaka kuguswa. Alikuwa amekubeba mgongoni ingawa ulikuwa na miaka mitatu na ushee, umekwisha kupita umri wa kubebwa. Pembeni yake alisimama ndugu yake, sura ileile, ila huyo ana kovu la moto kwenye mkono wa kulia.

Nikauliza jina. Bukuru. Nikauliza kazi. Akasema anafinyanga vyungu. Nikaandika mkulima, kisha nikamsomea kama tulivyoagizwa.

"Mimi sijalima hata siku moja," akasema. "Sisi ni watu wa udongo."

"Ndugu, hapa kila mtu ni mkulima," nikamwambia. "Ndiyo siasa yetu."

Nikafika safu ya mwisho. Kwa nini mmekimbia? Akanikaribia mezani. Kirundi chake na Kihangaza changu havihitaji mkalimani, nilimsikia vizuri. "Andika yuko turi Abatwa." Andika kwamba sisi ni Watwa. Nikamweleza, kwa upole kabisa, kwamba makabila hatuandiki. Akaniuliza:

"Basi umeandika nini? Waliokuja kilimani kwetu walizipita nyumba za wakulima. Walikuja kwetu. Walituita kwa jina letu. Walisema kilima hiki kisibaki na mbegu ya Mtwa hata moja, na walianza na watoto wa kiume."

Mwaka ule balaa lilikuwa kubwa huko, liliua watu wa kila namna, na sitajifanya najua kila mkono ulioshika panga. Kilima cha Bukuru kilikuwa kidogo ndani ya balaa hilo kubwa. Lakini alichoniambia kilikuwa wazi. Alikuwa ananiambia waliuawa kwa sababu ya jina lao, na kwamba waliowaua walitamka nia yao kwa mdomo.

Nilifanya nini? Kwetu, tusi alilotukanwa mtu halirudiwi mbele yake, sembuse mbele ya mtoto. Ukilirudia, umemtukana mara ya pili. Mimi nikajiona mtu mwenye adabu. Nikayaacha maneno yote yale yaanguke chini, nikaandika neno moja safi: machafuko.

"Umeandika?" akauliza.

"Nimeandika."

Wewe ulikuwa unanitazama kutoka mgongoni, unanyonya kidole. Uongo wangu wa kwanza niliusema mbele yako.

Malori yaliwachukua wakimbizi wengi kwenda makazi ya kusini. Watwa hawakupanda. Walikuwa wameuona udongo wa kile kinamasi cha chini ya kijiji chetu, wakajenga vibanda pembeni yake, familia tano. Unaposema unakumbuka moshi wa majani mabichi, na mimi nakujibu kwamba hilo ni jiko la bibi yako, nimekudanganya. Ni moshi wa kuchomea vyungu. Unaukumbuka sawasawa.

Masika yalipofika Bukuru akaugua. Mke wangu, yaani mama yako huyu anayepiga kelele jikoni sasa hivi, alikuwa amekwisha kuzika watoto wetu wawili. Alimpelekea uji kila asubuhi, na alikula naye katika bakuli moja, na majirani wakamsema mpaka wakachoka. Yeye alikuwa na ujasiri ambao mimi sikuwa nao. Bukuru alimwambia, "Huyu anaitwa Ntirampeba. Mleeni asife. Akikua mwambieni ni wetu." Ntirampeba maana yake Mungu hajanitupa. Bukuru alipokufa, Butoyi alikuwa na watoto wake wawili na njaa, akakubali ukae kwetu mpaka yeye apate nafuu. Alisema "mpaka". Mama yako alilisikia, nami nililisikia.

Tukakubatiza Editha. Kwenye cheti nikajiandika baba, nikamwandika mke wangu mama, nikapiga muhuri. Nilijua mahali muhuri unapokaa.

Kisha ikaja operesheni ya vijiji. Kila mtu alihama, nasi tulihama, hilo unalijua kwa hadithi za kunyeshewa ambazo mama yako hachoki kuzisimulia. Usichokijua ni kwamba mimi nilishika ramani. Nilisimama mkutanoni nikasema: Watwa hawa wakikaa pamoja watabaki Watwa siku zote, watu wataendelea kuwamiminia pombe kwenye vigae. Tuwatawanye, kila kijiji familia moja, tuwape majembe, wachanganyike. Baada ya kizazi kimoja hakuna atakayejua Mtwa ni nani. Watu walipiga makofi. Nilikaa chini nimejaa furaha.

Kinamasi kikawa shamba la kijiji, udongo ukapandwa mpunga. Familia moja moja zilikwenda zilikopangiwa, kila moja mbali na nyingine, ambako hawakupewa hata zamu ya kisima. Mzee wao mmoja alikufa mwaka huohuo, na hapakuwa na mtu wa kumwimbia kwa namna yao, maana kwa namna yao huimba wengi. Wasichana waliacha kufinyanga. Hakuna aliyepigwa. Hakuna aliyeuawa. Ndiyo maana ilinichukua muda mrefu kuona nilichofanya.

Halafu vita vya Kagera. Ulikuwa na miaka kumi, uko shuleni unaimba nyimbo za kuwaaga askari. Mgambo walikuwa kila njia panda, na mgeni asiye na barua ya balozi wake wa nyumba kumi aliitwa mpelelezi kabla hajafungua mdomo. Mchana mmoja Butoyi akaingia uani kwetu. Alikuwa ametembea siku mbili, amepita vichochoroni. Mkononi ana chungu kidogo cha kuchezea mtoto.

"Nimekuja kumwona Ntirampeba," akasema. "Simchukui. Nataka ajue sisi ni nani."

Nikamwambia, "Hapa hakuna mtoto wa jina hilo."

"Wewe ndiye uliyetuandika."

"Ndiyo, na daftari langu halina Mtwa hata mmoja. Una karatasi gani wewe? Nikiwaita mgambo pale barabarani, utawaambia wewe ni nani?"

Nimeandika maneno yangu kama yalivyotoka, sikuyasafisha. Alinitazama, akakiweka chungu chini, akaondoka. Mama yako alikuwa mlangoni. Siku nne hakunisemesha, na siku ya tano aliniambia, "Mficha uchi hazai, Laurenti. Nawe hutazaa mtoto huyu kwa kumficha." Chungu hicho ndicho unachotilia vifungo na sindano zako.

Kwa nini nilifanya vile? Niliogopa. Nilikupenda nikaogopa kukukosa, na mtu mwoga hushika silaha iliyo karibu. Yangu ilikuwa daftari.

Vita vilipokwisha alikuja mwanasheria kijana kutoka Dar es Salaam, shati limejaa vumbi, mkoba wa kaki. Alikuwa anazunguka kukusanya maelezo ya wakimbizi kwa ajili ya kamati fulani. Akakaa ofisi ya kata, akaniomba daftari, nikalitoa kwa fahari yangu ya zamani. Kabla hajalifungua nikamwuliza anatafuta nini hasa. Hakunidharau. Alinieleza kama anavyoelezwa mtu mzima, na usiku ule niliyaandika kichwani mwangu yote, nimeyabeba mpaka leo. Wewe unataka kusoma sheria, kwa hiyo yapokee kwanza kwangu, kwa lugha ya karani.

Mataifa, alisema, yaliandika mkataba baada ya vita kuu ya pili. Walilipa jina kosa la kuangamiza watu kwa kundi lao. Ili liwe kosa hilo, lazima kwanza pawepo kundi: la taifa, la kabila, la rangi au la dini. Lazima pawepo nia ya kuliangamiza kundi hilo, lote au sehemu yake, kwa sababu tu ni kundi hilo. Halafu pawepo kitendo kimoja kati ya vitano. Kuwaua. Kuwaumiza vibaya mwili au akili. Kuwawekea makusudi hali ya maisha itakayowamaliza. Kuwazuia wasizaane. Cha tano alikisema huku anatafuta kalamu yake mfukoni: kuwachukua watoto wao kwa nguvu na kuwapeleka kwa kundi jingine.

Nilishika ukingo wa meza, Editha.

"Wafu wangapi?" nikamwuliza, ili nisikie sauti yangu tu.

"Sheria haianzi na hesabu ya wafu," akasema. "Inaanza na nia. Nia inajulikana kwa waliyoyasema wauaji, na kwa watu waliowaruka na watu waliowafuata. Ndiyo maana natafuta maneno ya watu yenyewe." Akasema watu wa asili wa nchi, wale waliokuwepo kabla ya jembe na kabla ya ng'ombe, ndio wanaopotea bila kelele, kwa sababu hata majirani zao hawawaandiki. Hapo alikuwa hajafungua daftari bado.

Akalifungua. Akapitisha kidole safu kwa safu, ukurasa kwa ukurasa. Mkulima, machafuko. Mkulima, machafuko. Mwandiko mzuri kweli, akanisifu. Kisha akauliza, "Nimesikia kulikuwa na Watwa waliovuka hapa. Wako wapi?"

Ningeweza kusema. Mlango ulikuwa umefungwa, tulikuwa wawili. Badala yake nikauliza kama muulizaji wa kawaida: je, ni kosa mtu kumchukua mtoto wa watu hao kwa huruma, mama yake akiwa anakufa? Akasema hapana, kama hakuna nguvu wala nia ya kuangamiza kundi, hilo siyo kosa lile. Na kuwatawanya watu ili wasahau desturi zao? Akacheka kidogo. Akasema waliouandika mkataba walibishana sana juu ya kuua desturi, wakaliacha nje. Kuhusu watoto tu walikubaliana libaki ndani, maana kundi lisilo na watoto wake limekwisha hata kama kila mtu anapumua. Nikamshukuru. Nikamwambia Watwa sikuwaona. Akafunga daftari akasema, "Basi siwezi kuandika kwamba kundi lilishambuliwa, karatasi haionyeshi kundi lenyewe." Akapanda gari la Biharamulo, akaenda zake.

Siku ile nilirudi nyumbani mwepesi. Sheria haikunikamata. Sikuwa na nia, mwanasheria mwenyewe amesema. Nikala, nikalala. Wepesi ule haukumaliza hata wiki. Sikuwa na nia, sawa, lakini waliokuwa nayo walisema isibaki mbegu hata moja, na mimi niliyekaa upande huu wa mto, nimeshiba, nimevaa shati safi, niliimalizia kazi yao kwenye karatasi. Walitaka Watwa wa kilima kile wasiwepo, na ukifungua daftari langu hawapo.

Nilikaa hivyo miaka. Njia ya mwongo fupi, wanasema, lakini yangu ilikuwa ndefu kidogo kwa sababu hakuna aliyenifuata. Mpaka majuzi, hapa mezani. Ulikuwa unatusimulia alivyowafundisha mwalimu wako wa historia kuhusu Waherero kule Namibia, Wajerumani walivyowasukuma jangwani wakawazuilia maji. Ulikuwa na hasira, kijiko kimesimama hewani. Ukaniuliza, "Baba, hapakuwa na hata karani mmoja wa kuyaandika kama yalivyokuwa?"

Nikaondoka kwenda kuangalia mbuzi. Mbuzi walikuwa wazima.

Wiki iliyopita niliposema nakwenda Biharamulo kufuatilia nauli yako ya serikali, nilishukia Kasulo. Nilimkuta Butoyi anakanda udongo. Watu wake wawili watatu wamerudi kwake kidogo kidogo, amepata kinamasi kingine kibovu, anakazana. Nikamwamkia, "Shikamoo," ingawa labda nimemzidi umri. Hakuitikia.

"Umekuja na mgambo?" akauliza.

"Nimekuja na karatasi."

Nikaomba maji. Akachota, akanipa kibuyu, nikanywa chote mbele ya gulio zima. Wauza dagaa waligeuka wakatutazama. Usinisifu kwa hilo, ni maji tu, ningeyanywa miaka kumi na mitatu iliyopita yasingeniua. Nikamwomba msamaha. Akasema, "Msamaha wako nitauweka wapi, mimi nafinyanga vyungu. Andika."

Nikaandika kutwa nzima. Mara hii nilimwuliza waliokuja walisema nini, neno kwa neno, na alipotaja tusi niliandika tusi. Mara mbili mkono wangu ulisimama wenyewe, kwa ile adabu yangu, na mara mbili akagonga karatasi kwa kidole chenye udongo. Niliandika jina la kila aliyekufa kilimani ambaye anamkumbuka. Niliandika jina la kila aliyevuka. Niliandika nilivyowaandika wakulima, nilivyochora ramani, nilivyomtisha siku ya vita, na cheti chako nilivyokipata. Nikamsomea yote. Akatia dole gumba, nami nikatia sahihi chini yake. Nakala tatu. Moja anayo yeye. Moja niliipeleka kesho yake bomani Biharamulo, nikaomba ipelekwe kwa ile kamati, na ofisa aliyeipokea alinitazama kama mtu aliyejileta mwenyewe kituo cha polisi. Huenda nimefanya hivyo kweli. Wataniuliza habari za cheti na muhuri. Waniulize, nitawajibu nimesimama, sitafuti wa kunitetea. Labda kamati imekwisha kuvunjika, labda karatasi italiwa na mchwa. Nitaandika nyingine. Nina wino, na safari hii sitachoka kabla yao.

Nakala ya tatu iko ndani ya bahasha hii. Ni yako. Mstari wa saba kuna jina lako: Ntirampeba, binti wa Bukuru, Mtwa.

Sikupi mawaidha, mimi ni nani wa kukupa. Ila siku moja utakaa upande ule wa meza, na mbele yako atasimama mtu mwenye vumbi anakuambia jambo baya. Utataka kulisafisha kwa ajili yake. Nakuomba usilisafishe. Na akikuambia "andika kwamba sisi ni fulani", liandike jina hilo hata kama safu yake haipo. Chora safu. Undugu niliouhubiri miaka ile niliutaka bila wao kuwemo kwa jina lao, ndipo ulipoharibika mikononi mwangu. Wewe una majina mawili na mama watatu, ukimhesabu Butoyi, na sitaki uache hata mmoja kwa ajili yangu. Naogopa, mwanangu. Naogopa utasoma hapa uinuke kitini, usiniite Baba tena. Ukifanya hivyo sitakuandikia barua ya kulalamika. Nitabaki baba yako kwa upande wangu, huo hakuna wa kuufuta.

Butoyi alipokuwa ananawa udongo nikamwambia nitakuleta kwake. Akakataa kabisa. "Asiletwe kama mbuzi. Alikwisha kubebwa na watu mara nyingi. Kama anataka, atakuja kwa miguu yake." Kisha, nimekwisha kushika fimbo yangu niondoke, akasema nyuma yangu, "Marahaba." Nilikuwa nimesahau kwamba nilimsalimia.

Basi la kesho husimama Kasulo nusu saa ili watu wale chakula. Tiketi yako nimeikata mpaka Biharamulo kama kawaida. Nilitamani sana kuikata iishie Kasulo, nikajizuia, nimekwisha kukuamulia mengi. Butoyi atakuwa pale alipokuwa siku ile, na kibuyu kilekile. Hatakuita. Ukibaki ndani ya basi ataelewa, amezoea kupitwa.

Mama yako amesoma barua hii akiwa amesimama nyuma yangu, akanisahihisha mahali pawili nilipojipamba, na nimepafuta. Amerudi jikoni kukufungia chakula cha njiani, ndizi na maharage kwenye majani ya mgomba. Nimechungulia sasa hivi.

Amefunga cha watu wawili.

Baba yako, niliyekuandika vibaya nikakupenda vizuri,

Laurenti